Dakika Saba za Chakula cha Mchana

Mfanyakazi wa ofisi mjini San Diego, California, anabonyeza kompyuta yake saa 5:02 asubuhi na kwenda kula. Akirudi anabonyeza tena, saa 5:25. Amepumzika dakika 23. Mfumo wa mahudhurio unaandika kwamba alitoka saa 5:00 na kurudi saa 5:30, yaani dakika 30 kamili, zile zile ambazo sheria ya jimbo hilo inazitaka. Dakika saba zimekwenda, na katika hesabu inayotumika kulipa mshahara hakuna alama yoyote ya kuonyesha kwamba ziliwahi kuwepo.

Mfano huu umo ndani ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya California ya tarehe 25 Februari 2021, katika shauri dhidi ya AMN Services, kampuni inayozitafutia hospitali wauguzi wa mikataba ya muda. Jaji Goodwin Liu ndiye aliyeiandika, na majaji wenzake wote wakaafiki. Saa nimezibadili ziwe za Kiswahili ili msomaji asihangaike kuhesabu. Dakika ni zile zile.

Mashauri ya saa za ziada tunayoyasikia mara nyingi ni ya walinzi, madereva na watu wa viwandani. Hili ni la watu wa ofisini, wenye kiti, simu na kompyuta mezani, wanaolipwa kwa saa. Hakuna msimamizi aliyesimama mlangoni kuwazuia wasitoke kula. Hakuna karani aliyefuta saa zao kwa kalamu. Kilichowapunguzia haki ni hesabu ndogo iliyofanywa na programu kila siku, na ambayo wengi wao wasingeiona hata wangeitafuta. Ndiyo maana naona kisa hiki kinamhusu kila mtu anayeweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio asubuhi, awe Dar es Salaam, Nairobi au Minnesota.

Ofisi, mfumo, na swali ambalo halikuulizwa

Walioshtaki walikuwa wafanyakazi wa kutafuta wauguzi: kupiga simu, kuzungumza na muuguzi aliye tayari kuhama kwa miezi kadhaa, kukamilisha karatasi zake, kumpangia hospitali. Siku ya kawaida ilikuwa ya saa nane za kazi, siku tano kwa wiki. Aliyefungua shauri alifanya kazi hapo kuanzia Septemba 2012 hadi Februari 2014, akashtaki mwaka huo wa 2014 kwa niaba yake na ya wenzake waliofanya kazi ya aina hiyo hiyo katika kampuni.

Sheria ya California inasema mtu anayefanya kazi zaidi ya saa tano apewe mapumziko ya chakula ya angalau dakika 30, na yaanze kabla saa ya tano haijaisha. Mwajiri asipotoa mapumziko hayo kama inavyotakiwa, anamlipa mfanyakazi mshahara wa saa moja zaidi kwa siku hiyo. Kanuni za mapumziko ya chakula zilikuwepo California tangu 1916, lakini fidia hiyo ya saa moja iliingizwa mwaka 2000 tu. Na jinsi ilivyowekwa ina maana kubwa katika kisa hiki: kiasi hakibadiliki. Ukinyimwa mapumziko yote, ni saa moja. Ukikatiwa dakika mbili, ni saa moja vile vile. Waliotunga sheria hawakutaka mtu yeyote aanze kupimana na mfanyakazi wake ni dakika ngapi zinavumilika.

Haki itendeke kwa pande zote: sera ya AMN iliyoandikwa ilikuwa nzuri. Ilisema mfanyakazi anapewa dakika 30 zisizokatizwa, anaachiliwa kazi zote, yuko huru kutoka nje ya jengo, na msimamizi asimzuie wala kumkatisha tamaa. Wengi wetu tumefanya kazi mahali ambapo hata karatasi ya namna hiyo haikuwepo.

Mahudhurio yaliwekwa kwa mfumo wa kompyuta ulioitwa Team Time. Mfanyakazi alibonyeza mara nne kwa siku: akifika, akienda kula, akirudi, akiondoka. Mfumo ulipokea dakika halisi. Kisha, ili kuhesabu saa za kulipwa, uliisogeza kila dakika hadi kwenye kumi iliyo karibu. Saa 2:03 ikawa 2:00. Saa 10:57 ikawa 11:00. Hatua hiyo ya kusogeza dakika ndiyo yenye tatizo, na nitairudia.

Kuanzia Septemba 2012 kampuni iliongeza kitu ambacho kwa kweli kilikuwa cha busara. Mfumo ulipoona mapumziko ambayo hayakuchukuliwa, au yaliyopungua dakika 30, au yaliyoanza baada ya saa ya tano, ulimfungulia mfanyakazi menyu ndogo kwenye kioo. Alitakiwa kuchagua jibu moja kati ya matatu: kwamba alipewa nafasi ya kupumzika akachagua kutopumzika, kwamba alipewa nafasi akachagua kupumzika kwa muda mfupi au kwa kuchelewa, au kwamba hakupewa nafasi inayotakiwa. Akichagua la tatu, kampuni ililipa ile saa moja ya fidia bila ubishi.

Angalia sasa hatua hizo zilivyopangwa. Menyu ilifunguliwa kwa kutazama saa zilizokwisha kusogezwa. Yule aliyekula kwa dakika 23 alikwisha kuandikiwa 30 kabla mfumo haujajiuliza kama kuna kasoro. Hakuna kasoro, basi hakuna swali. Hakuna swali, basi hakuna jibu la tatu. Hakuna jibu la tatu, basi hakuna fidia. Mfanyakazi hakudanganya na hakunyamaza, hakuulizwa.

Ukifanya hesabu utaona ukingo wake ulivyokuwa mbali. Mtu akitoka saa 6:04 mchana, mfumo unaandika 6:00. Akirudi saa 6:25, mfumo unaandika 6:30. Amekula kwa dakika 21, na kwenye kumbukumbu ana nusu saa kamili. Karibu theluthi moja ya mapumziko imeyeyuka na taa zote zinaonyesha kijani. Upande wa kuchelewa ni hivyo hivyo: aliyeanza kazi saa 12:59 asubuhi na kutoka kula saa 6:04 mchana alikuwa kazini saa tano na dakika tano mfululizo, lakini mfumo uliandika 1:00 hadi 6:00, saa tano kamili, hakuna aliyechelewa kula.

Mtaalamu wa upande wa wafanyakazi alipozirudia dakika halisi, ambazo mfumo ulikuwa umezihifadhi, alikuta zaidi ya mapumziko 40,000 yaliyopungua na zaidi ya 6,000 yaliyochelewa ambayo hayakulipiwa fidia. Thamani yake ilikadiriwa kuwa kiasi cha dola 800,000 hivi. Hizo ni siku za kazi za watu wa kawaida, moja moja, ambazo hakuna aliyewahi kuziona zikiwa zimekusanywa mahali pamoja.

Hoja ya wastani

Kampuni ilikuwa na hoja, na haikuwa hoja ya kipuuzi. Ilisema kusogeza dakika hakupendelei upande wowote. Leo unapoteza tatu, kesho unapata nne; baada ya miezi, hesabu inajisawazisha. Kulikuwa na msingi wa kisheria wa kusema hivyo. Kanuni ya serikali kuu ya Marekani inamruhusu mwajiri kusogeza saa hadi dakika tano, dakika sita au robo saa iliyo karibu, mradi baada ya muda wafanyakazi wawe wamelipwa kwa saa zote walizofanya kazi. Mahakama ya rufaa ya California nayo ilikubali fikra hiyo mwaka 2012 katika kesi ya kiwanda cha peremende cha See's Candy. Kwa AMN, mtaalamu wa kampuni alionyesha kwamba kwa jumla hesabu ya mishahara haikuwaumiza wafanyakazi. Mahakama ya kwanza iliridhika ikaipa kampuni ushindi bila shauri kusikilizwa kikamilifu, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono.

Mahakama ya Juu ilikataa, na sababu yake ndiyo ninayotaka msomaji aishike. Wastani unaweza kufaa kwa pesa. Shilingi niliyopunjwa Jumatatu nikirudishiwa Alhamisi ni shilingi ile ile. Mapumziko hayana tabia hiyo. Mtu aliyekimbizwa mezani akiwa na dakika 21 Jumatatu hawezi kurudishiwa shibe yake kwa kupewa dakika 36 Alhamisi. Uchovu wa Jumatatu ulikwisha kufanya kazi yake: jicho limeuma, simu ya kwenda kumuulizia mtoto shuleni haikupigwa, dawa ya mchana imemezwa bila chakula. Mahakama ilisema wazi kwamba katika mapumziko mafupi kama hayo, hata dakika chache zina uzito, kwa sababu mtu anaweza kulazimika kuacha jambo lake au kukimbilia kiti chake kabla hajapumua.

Kuna na ubishi mwingine ndani ya hoja ya wastani ambao mimi naona unaimaliza kabisa. Chukua aliyetoka saa 5:58 na kurudi saa 6:34. Amepumzika dakika 36, mfumo umemwandikia 30. Amepata dakika sita za mshahara za bure, kweli. Lakini upande wa haki ya mapumziko hajapata chochote, kwa sababu dakika 36 zilikwisha kuitosheleza sheria. Yule wa dakika 21, kwa upande wake, amepoteza mapumziko halali na fidia ya saa nzima. Kwa hiyo, kwenye mapumziko, kusogeza dakika kunaweza kufuta kosa la mwajiri, lakini hakuwezi kumpa mfanyakazi haki ambayo hakuwa nayo. Mizani yenye sahani moja haiwezi kusawazika, hata ukiipa miaka kumi.

Halafu lipo suala la saa za ziada zenyewe. California inahesabu saa za ziada kwa siku: ukipita saa nane za kazi, kila kinachozidi kinalipwa angalau mara moja na nusu. Kama siku yako ilikwisha kufika saa nane, zile dakika saba zilizogeuzwa kuwa chakula cha mchana ni dakika saba za ziada ulizofanya kazi. Mapumziko yaliyokatwa na saa za ziada zisizolipwa ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili, na watu wengi wanaodai ovataimu hawafikirii kuanza kuhesabia saa ya chakula.

Kisha mahakama ikauliza swali ambalo naamini kila mhasibu wa mishahara angepaswa kujiuliza: kusogeza huku kulikuwa kwa faida gani? Desturi hiyo ilizaliwa wakati kadi za saa zilihesabiwa kwa mkono. Karani mwenye kadi mia tatu na mashine ya kujumlisha alihitaji namba zinazokaa vizuri. Lakini Team Time ilikuwa na dakika halisi tangu mwanzo. Kuzisogeza kulikuwa ni kazi ya ziada, hatua ambayo mfumo ulilazimika kuiongeza. Na mahakama ikasema jambo ambalo linaniuma kila ninapolisoma: kama menyu ile ingefunguliwa kwa dakika halisi, mfumo wa AMN ungefuatilia kasoro za mapumziko kwa usahihi. Kampuni ilikuwa na chombo kizuri mkononi. Ilikiharibu kwa mstari mmoja wa hesabu ambao haukuhitajika.

Miaka mitatu kabla yake, mwaka 2018, mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya mfanyakazi wa Starbucks aliyekuwa akifunga duka usiku. Alikwisha kubonyeza kutoka, lakini bado alilazimika kutuma taarifa za siku kwa kompyuta, kuwasha kengele ya ulinzi, kufunga mlango na kuwasindikiza wenzake hadi kwenye magari. Dakika nne leo, kumi kesho. Kwa miezi 17 zilifika saa 12 na dakika 50, sawa na dola 102.67 kwa kima cha chini cha mshahara cha wakati huo. Mahakama ilisema hicho si kitu kidogo kwa mtu anayelipwa kwa saa: kinatosha kulipia bili ya huduma za nyumbani, chakula cha wiki moja, au nauli ya basi ya mwezi. Haba na haba hujaza kibaba. Majaji wale walikwenda mbali zaidi wakauliza kibaba kimejaa nyumbani kwa nani.

Nani athibitishe

Sehemu ya pili ya hukumu haikupata kelele nyingi, lakini kwa mtu anayetaka kudai haki yake ndiyo yenye nguvu zaidi.

Mwaka 2012, katika kesi ya migahawa ya Brinker, mahakama ilikwisha kueleza kwamba mwajiri hana wajibu wa kumlinda mfanyakazi asifanye kazi wakati wa chakula. Wajibu wake ni kumwachilia kwa dhati. Mfanyakazi akiachiliwa kweli, kisha kwa hiari yake akarudi kwenye kompyuta, mwajiri hajavunja sheria ya mapumziko, ingawa akijua mtu huyo anafanya kazi anapaswa kumlipa mshahara wa dakika hizo. Waajiri wengi wakakimbilia hapo. Kila mapumziko mafupi yakawa “alichagua mwenyewe”. Na mfanyakazi mmoja atathibitishaje leo kwamba Jumanne fulani miaka mitatu iliyopita hakuchagua?

Mahakama ikaugeuza mzigo huo. Kumbukumbu za mwajiri mwenyewe zikionyesha mapumziko yaliyopungua, yaliyochelewa au yasiyokuwepo, inachukuliwa kwamba sheria imevunjwa, mpaka mwajiri alete ushahidi kinyume. Anaweza kuleta: wafanyakazi waseme, takwimu zionyeshe, majibu ya menyu yasomwe. Lakini hawezi kukaa kimya na kumwachia mfanyakazi ajikongoje na kumbukumbu za kichwani. Wajibu wa kutunza rekodi ni wa mwajiri. Rekodi zikisema jambo, yeye ndiye wa kulieleza.

Fikra hii ina mizizi mirefu Marekani. Mwaka 1946, katika kesi ya kiwanda cha vyombo vya udongo cha Mt. Clemens, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kwamba mwajiri asipotunza kumbukumbu sahihi za saa, mfanyakazi anaweza kuonyesha makadirio yenye mantiki ya kazi aliyofanya, na hapo mwajiri ndiye anayetakiwa kuyabomoa. Kutotunza rekodi kusiwe zawadi kwa aliyeshindwa kuzitunza.

Hukumu ya 2021 haikumaliza shauri la AMN. Mahakama ya Juu haikuamuru kampuni ilipe zile dola. Ililirudisha shauri mahakama ya chini ili pande zote ziwasilishe hoja upya kwa kanuni hizo mpya. Wala haikusema kwamba kusogeza dakika za kuingia na kutoka kazini ni haramu kila mahali. Iligusa saa ya chakula peke yake, ikaacha suala la saa nyingine bila kulifunga, huku ikidokeza kwamba teknolojia imeondoa sababu nyingi za desturi hiyo.

Kwa wenzetu wanaofanya kazi za ofisi na vituo vya simu Marekani, mpaka wa jimbo ni muhimu. Sheria ya shirikisho ya 1938 inataka mara moja na nusu baada ya saa 40 kwa wiki, lakini haimlazimishi mwajiri kutoa mapumziko ya chakula kwa mtu mzima. Saa moja ya fidia niliyoieleza ni ya California. Usihamie jimbo jingine ukaidai. Kinachokulinda nchi nzima ni kwamba mapumziko ya chakula hayahesabiki kuwa mapumziko mpaka uwe umeachiliwa kazi kabisa. Kanuni yao inatoa mfano wa ofisini kabisa: mfanyakazi wa ofisi anayetakiwa kula akiwa mezani kwake yuko kazini wakati anakula. Na inasema mwajiri anayeruhusu kazi ifanyike hawezi kukaa pembeni akaipokea faida yake bila kulipa. Kama mfumo unakukata nusu saa ya chakula kila siku moja kwa moja, na wewe ulikuwa umeshika simu ya mteja huku sahani iko magotini, nusu saa hiyo ni yako.

Kwa sheria ya Tanzania, dakika hizo ni ngapi?

Nimefanya kazi ya kuandaa mishahara katika ofisi moja Dar es Salaam, na kitu kilichonisumbua kilikuwa rejista ya mahudhurio. Kila mstari, kila mtu, kila siku: kuingia saa 2:00, kutoka saa 12:00. Hakuna aliyewahi kufika saa 1:52, hakuna aliyebaki hadi saa 1 usiku kumalizia taarifa ya mwisho wa mwezi. Tulikuwa tukisaini wiki nzima siku ya Ijumaa. Hatukuhitaji Team Time. Dakika tulizisogeza wenyewe, kwa kalamu, na tuliokuwa tunaumia ndio tuliokuwa tunaandika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni ya ukarimu kuliko ya California kwa saa ya chakula. Kifungu cha 23 kinampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Mwajiri anaweza kumtaka afanye kazi wakati huo pale tu ambapo kazi haiwezi kuachwa bila mtu au haiwezi kufanywa na mwingine. Mapumziko hayo hayalipwi, isipokuwa mfanyakazi ametakiwa kufanya kazi au kuwepo kwa ajili ya kazi. Maneno hayo ya mwisho yanamlenga dada wa mapokezi anayeambiwa ale chakula hapo hapo mezani ili simu isikose mtu. Hata simu isipolia, alikuwepo kwa ajili ya kazi.

Kifungu cha 19 kinaweka saa za kawaida zisizozidi tisa kwa siku na 45 kwa wiki, ndani ya siku zisizozidi sita. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisipite 50 katika kipindi cha wiki nne, na malipo yake si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo katika ulinzi huu. Lakini cheo cha “afisa” peke yake hakikutoi. Wapo maafisa wengi wasiosimamia hata mtu mmoja.

Hesabu yenyewe imo kwenye jedwali la sheria hiyo: mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333, kisha kwa saa za kawaida za wiki. Mchukue karani wa mshahara wa msingi wa shilingi 780,000, anayefanya kazi saa 45 kwa wiki, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni, siku tano, akiwa na saa moja ya chakula. Mshahara wake wa saa ni shilingi 4,000, na wa saa ya ziada ni 6,000. Sasa tuseme kila siku anaitwa arudi mezani baada ya nusu saa. Amefanya kazi saa tisa na nusu. Kwa wiki ni saa mbili na nusu za ziada, kwa mwezi karibu saa 11, karibu shilingi 65,000. Kwa mwaka zinafika 780,000. Ni mshahara wa mwezi mzima, umeliwa kwenye saa ya chakula, na hakuna siku hata moja aliyojihisi kwamba amefanya ovataimu.

Tanzania haina ile fidia ya saa moja, wala sijaona kifungu kinachofanana na ile dhana ya California kuhusu mapumziko. Kilicho karibu ni kifungu cha 15: mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, saa za kazi zikiwemo, na akishindwa kuyaleta kwenye shauri, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira linalodaiwa. Kwa hiyo kama mkataba wako haupo, ubishi kuhusu saa zako za kawaida zilikuwa ngapi ni mzigo wake. Saa ulizokaa hasa kazini bado utahitaji kuzionyesha wewe.

Ndipo unapokuja umuhimu wa kuandika. Daftari dogo, kila siku, siku hiyo hiyo: nilifika saa ngapi, nilitoka kula saa ngapi, nilirudi saa ngapi, nani aliniita na kwa kazi gani. Ujumbe wa bosi wa saa 7:20 mchana unaouliza ripoti iko wapi una saa yake juu yake, usiufute. Barua pepe uliyotuma saa 1:40 usiku nayo ina saa yake. Kama rejista inataka usaini saa 12:00 wakati saa ni 1:15, andika 1:15, hata kama ndiyo namba pekee isiyofanana kwenye ukurasa.

Muda nao haukungoji. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Ukichelewa, utaanza kwa kuomba kibali na kueleza ni kwa nini. Nimeona watu wakisubiri mkataba uishe ndipo wadai miaka mitatu ya saa za ziada, wakaishia kubishana kuhusu tarehe badala ya kubishana kuhusu kazi waliyofanya.

Na kama ofisini kwenu mnaweka kidole kwenye mashine, kabla ya yote iombe ofisi ya utumishi, kwa maandishi, chapa ya saa za mashine zilivyoingia zenyewe, dakika kwa dakika. Usikubali jedwali la mwezi lililokwisha kupangwa. Ziweke karatasi hizo mbili pamoja na utazame safu ya saa ya chakula.